Tundu Kwenye Mkono wa Gauni

Mdogo wangu alikuwa na vidole vya kusuka. Nasema alikuwa. Kuanzia stendi ya Kasulu mpaka vijiji vya njia ya Mtabila, wanawake walikuwa wakiingia saluni kwangu na swali moja: "Mdogo wako yupo?" Kama hayupo, wanageuza na kurudi kesho. Mimi mwenye kiti, mwenye kioo, mwenye kulipia chumba, nilikuwa natazamwa kama mlinzi wa getini. Iliniuma kidogo na ilinifurahisha pia, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha. Leo mkono wake wa kulia una vidole viwili vilivyojikunja, havinyooki tena, na mkono huo niliuharibu mimi.

Watu wakisikia kwamba mtu wa saluni ameharibu mkono wa mdogo wake kwa sababu ya rangi, wanakimbilia mkorogo. Sijawahi kuuza mkorogo wala kumpaka mtu. Nilikuwa nawafukuza mlangoni wanaokuja na makopo yao. Mimi niliuharibu mkono ule kwa jua na kwa kujiona najua, na ninaieleza habari yote hapa kwa sababu nimechoka kuieleza vipande vipande, kila mtu na kipande chake.

Kazi yangu, ukiacha nywele, ilikuwa rangi. Nilikuwa nawafundisha wanawake jinsi ya kuzuia jua lisiwapake rangi mbili. Huku kwetu milimani baridi ya asubuhi inadanganya, mtu anatoka na sweta akidhani leo jua limelala, na ifikapo saa tano limeshamla uso na mikono. Mkulima wa huku akivua shati unasoma maisha yake yote: mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko, juu ya kiwiko rangi nyingine kabisa, kifuani pembe tatu nyeusi, miguuni alama ya kandambili. Dereva wa bodaboda unamjua kwa migongo ya viganja. Mama mmoja wa kuuza ndizi aliwahi kukaa kwenye kiti changu nikamwambia meza yake sokoni inatazama upande gani kabla hajanieleza, maana shavu la kushoto lilikuwa limeiva kuliko la kulia. Alishangaa akaniita mchawi. Nilijisikia vizuri kweli.

Niliwaambia wafike shambani kabla jua halijapanda na saa nne wawe wametoka. Wavae mikono mirefu iliyolegea, kitambaa cha pamba. Wakate soksi kuukuu mahali pa vidole wazivae viganjani. Wasijipake mafuta mazito mchana, yanakaanga ngozi. Mwavuli usiwe wa mvua tu. Kwa bibi harusi nilikuwa na utaratibu wa miezi miwili, na bibi harusi wangu wakisimama kanisani mikono wazi, huoni mstari popote. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu mjini.

Haya mambo sikuyatoa hewani, niliyatoa kwa mama. Mama yetu alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa na baba yetu, Muha wa hapahapa. Baba alifariki tungali wadogo. Mama akabaki na kashamba karibu na palipokuwa kambi ya Mtabila, na kwa kuwa hakakutosha alilima pia mashamba ya watu. Uraia anao, kitambulisho anacho, lakini wapo waliomwita mkimbizi mpaka mvi zikamwota. Yeye aliamini kwamba kinachomtangaza mtu ni mikono. Unanyoosha mkono kupokea kikombe kwenye nyumba ya watu, gauni linapanda, wanaona mstari, basi wameshajua unalima kwa nani na unakula nini. "Mwana wanje," alikuwa akituambia, mtoto wangu, huku akituvuta mikono ya magauni mpaka kwenye viganja, "jua lisikuandike." Tukalima hivyo, tumefunikwa kama wagonjwa, jasho likitutoka mpaka kwenye visigino. Mimi nililichukia gauni lile. Nilipokuwa mtu mzima nikaligeuza biashara.

Mdogo wangu hakulichukia. Yeye ni mpole, mimi ni mtu wa hasira na mdomo wangu hauna breki. Akiambiwa jambo hulifanya, na kama lina kasoro hukaa nalo moyoni. Alipochumbiwa na kijana wa Kibondo, muuza maharage na mahindi mwenye stoo yake pale sokoni, nilishangilia kuliko yeye. Ukoo wa yule kijana ni watu wanaojiheshimu, na kwao wana desturi ambayo hata kwa mama ipo. Bibi harusi anawekwa ndani majuma kadhaa, jua lisimwone. Kisha shangazi za bwana harusi wanakuja kumpaka mafuta ya ng'ombe mikono na miguu, mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Wanasema ni baraka. Mimi niliijua kazi yangu, nikajua ni ukaguzi.

Kwa hiyo nilianza kumtazama mdogo wangu kama mteja.

Baka nililiona mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa amekunja mkono wa gauni ili amwoshe mteja nywele, na upande wa chini wa mkono wake wa kulia, vidole vitatu kutoka kwenye kiwiko, ngozi ilikuwa imepauka. Halikuwa kubwa, lingeweza kufunikwa na kifuniko cha chupa ya soda. Nilimvuta dirishani.

"Hili nini?"

"Sijui, dada. Lipo tu."

"Linawasha?"

"Haliwashi."

"Linauma?"

"Haliumi."

Baadaye nesi aliniambia kwamba majibu yale mawili yalitosha. Kwamba siku ileile ningefunga saluni na kumpeleka hospitali, na mambo yangeishia hapo. Mimi niliyafurahia majibu yale. Kwangu, kisichowasha wala kuuma ni rangi tu, na rangi ni kazi yangu.

Nilianza na dawa ya mba, majuma mawili, ikashindwa. Ndipo nikajitungia maelezo. Akifua na akisuka anakunja mkono wa gauni, mkunjo unakaa palepale juu ya baka, basi sehemu nyingine zimepata jua na pale hapakupata. Maelezo mazuri kabisa. Sikumwuliza mtu mwingine, nilijieleza mwenyewe na nikajikubalia mwenyewe. Kama ni hivyo, nikasema, dawa ni kulipa baka jua lake mpaka lifikie wenzake, na mkono uliobaki ukae kivulini ukilisubiri.

Nilichukua gauni kuukuu la mikono mirefu, nikamvalisha, nikachora duara juu ya kitambaa kwa wanja, pale pale lilipo baka, kisha nikakata tundu kwa mkasi wa saluni. Kila mchana, saa sita mpaka saa saba, alikaa uani nyuma ya saluni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kiwiko juu ya kigoda, uso na shingo ndani ya kanga, na kile kitundu kimetazama juu. Wateja walicheka kufa.

"Dada, unamwanika kama dagaa?"

"Namsawazisha," niliwajibu. "Mtaona siku ya harusi."

Baada ya siku kumi kingo za baka zilikoza kidogo, au mimi niliona zimekoza. "Unaona?" nilimwambia. "Linakubali." Akatabasamu, akasema ndiyo dada. Sikumwuliza hata siku moja kama lile jua linamchoma. Kuuacha mkono wazi kwenye jua la saa sita la kiangazi, bila kuusogeza, saa nzima, mimi nisingeweza na wewe usingeweza. Yeye alikaa ametulia mpaka nimwite. Niliuita uvumilivu. Nilimsifia kwa wateja wangu: mdogo wangu ni mvumilivu, huyu atakaa na mume.

Kisha yakatokea ya maji. Ukimaliza kusuka rasta, ncha huchovywa kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke, na msusi mzoefu anajua kuzishika juu, vidole visifike majini. Siku hiyo mdogo wangu alishika chini. Kidole kidogo na jirani yake viliingia ndani ya maji pamoja na nywele, vikabaki humo. Mteja aliona kwenye kioo akapiga ukelele. Mdogo wangu akaacha nywele, akamwinamia yule mama, akaanza kumwomba radhi, "Samahani mama, nimekuunguza?" Alidhani aliyeungua ni mteja.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nilimtoa mpaka uani nikampa za uso. "Macho yako yako wapi? Majuma sita yamebaki unajichoma? Kovu la moto nani atalisawazisha, malaika?" Malengelenge yalikuwa yameshaanza kuvimba, meupe, na yeye alikuwa akivigeuza vidole vyake huku na huku akivitazama, kana kwamba mtu amemkabidhi avishike kwa muda. Nilimpaka asali. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu yote ilikuwa ya kovu.

Nikaamua awekwe ndani mapema. Mama, ambaye alikuwa ameshahamia mjini karibu na hospitali, alitoa chumba chake, tukaziba dirisha kwa shuka zito, tukaweka godoro, beseni, na kopo la mafuta ya ng'ombe aliyoyapika mwenyewe mpaka yakawa ya njano. Nilimkataza mdogo wangu hata kwenda chooni mchana bila kanga mbili. Kila jioni nikifunga saluni nilipitia kwa mama, nikamvua, nikamkagua kwa taa ya simu kuanzia mabega mpaka miguu. Rangi ilikuwa inakuja vizuri. Kwa kweli ilikuwa inakuja vizuri mno, sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Lile baka nalo, ndani ya kile chumba cha giza, lilikuwa halionekani sana, na mimi nikalihesabu limepona.

Vidole vilianza kujikunja juma la pili. Vile viwili, vya maji. Nilivinyoosha kwa mkono wangu vikanyooka, nikaviachia vikarudi. Siku nyingine alidondosha kikombe cha uji, akasema kimeteleza. Nilisema ni kidonda cha moto kinavuta ngozi, na kusuka kwingi, atapumzika vitalegea. Nilivifunga juu ya kijiti kwa kitambaa. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Aliacha kuchambua.

"Tumpeleke hospitali waangalie," alisema.

"Mama, sasa hivi?"

"Kesho asubuhi. Ni hapa tu, tutatembea naye polepole."

"Utembee naye polepole juani? Akitoka sasa kazi yote hii imekwenda na maji. Na watu wamwone njiani kabla ya shangazi za bwana harusi? Harusi ipite, nitampeleka mimi mwenyewe."

Mama alinitazama, kisha akamtazama mdogo wangu, naye mdogo wangu akatazama chini. "Haya," mama akasema. "Wewe ndiwe unayejua." Akarudi kwenye maharage yake. Mwanamke huyu alivuka mpaka na mzigo kichwani, akalea peke yake, hajawahi kumwogopa mtu, na siku ile aliniachia mimi neno la mwisho kwa sababu nina saluni na kioo kikubwa. Nikilikumbuka lile "haya" lake natamani angenipiga kofi.

Shangazi watatu walitoka Kibondo na basi la asubuhi wakafika saa nne. Nyumba ilijaa wanawake. Tuliwaamkia, tukawapa chakula, wakaimba kidogo, kisha wakaingia chumbani na sisi nyuma yao. Tukalifungua dirisha ili waone. Mdogo wangu alikaa katikati ya mkeka, kanga moja kifuani, kichwa ameinamisha inavyotakiwa. Mimi nilisimama mlangoni, na niseme ukweli, nilijisikia kama mwalimu anayesubiri matokeo ya darasa lake.

Shangazi mkubwa alikuwa mama mwembamba asiyecheka ovyo. Aliwahi kufanya kazi ya kujitolea ya afya kambini Nduta, kupita nyumba kwa nyumba kuulizia watoto wenye homa na akina mama wajawazito, na mikono yake ilikuwa na haraka ya mtu aliyezoea kushika watu. Akachota mafuta, akaanza na mkono wa kushoto. Alipanda nao mpaka begani, akashuka. "Huyu ametunzwa," alisema. Vigelegele vikapigwa. Mwenzake akanigeukia akanipongeza kwa macho. Nadhani ile ndiyo dakika ya mwisho maishani mwangu ambayo niliipenda kazi ile bila shaka yoyote.

Akashika mkono wa kulia. Akakifungua kile kitambaa changu na kijiti, akavitazama vidole. Akapanda na mafuta taratibu. Chini kidogo ya kiwiko mkono wake ukasimama. Akauinua ule mkono dirishani, akaugeuza. Kisha akabonyeza nyuma ya kiwiko, kwenye mfupa, akabonyeza tena, kama anayetafuta kitu chini ya nguo.

"Nani ana pamba?"

Nilikuwa nayo mimi, kwenye mkoba wangu wa kazi. Nikampa. Alinyofoa kidogo akaisokota mpaka ikawa na ncha.

"Mwanangu, fumba macho," alimwambia mdogo wangu. "Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole nilipokugusa. Usifumbue."

Akamgusa begani. Mdogo wangu akaonyesha. Akamgusa juu ya kiwiko, akaonyesha. Akashuka akagusa kwenye baka, katikati, akaiacha ile pamba pale, akaizungusha. Mdogo wangu hakuonyesha kitu. Akagusa pembeni ya kiganja, akagusa kidole kidogo. Hakuna. Wanawake wengine walikuwa bado na mikono midomoni, tayari kwa vigelegele. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho, anatabasamu kidogo, anasubiri aguswe.

Mama alilitamka neno lenyewe kwa lugha ya kwao, kwa sauti ndogo, na wanawake wawili waliokaa karibu na mkeka wakajivuta nyuma bila kujua kama wamejivuta.

"Nyamaza, mama," shangazi alisema. "Ndiyo, naona ni ukoma. Unatibika, dawa zake ni za bure, na akishaanza dawa hamwambukizi mtu. Huko kambini nimeona wangapi." Kisha akanigeukia mimi, maana wote walikuwa wameshamweleza kwamba mimi ndiye mtunzaji. "Lakini kwa nini mlimfungia humu na mkono unakufa?"

Hakusubiri nijibu. Akavua kanga yake ya juu akamfunika mdogo wangu mabegani, akamwambia afumbue macho.

Harusi iliahirishwa, na kesho yake tulikuwa hospitali. Nesi wa kitengo hicho alikuwa dada wa makamo yangu, mwenye maneno machache. Alimpima kwa kalamu na kwa pamba, akaandika, akatuita na sisi wa nyumbani tukapimwa mmoja mmoja, tukakutwa salama. Akaeleza kwamba ugonjwa unakaa kwenye mishipa ya fahamu, mshipa wa kwenye kiwiko umevimba na umeumia, na dawa itaua ugonjwa lakini kilichokwisha kufa hakitafufuka. "Mngekuja lilipokuwa baka tu," alisema, "vidole hivi vingekuwa vimenyooka." Ndipo akaona duara. Pale kwenye tundu ngozi ilikuwa imeungua ikajichubua na kubaki na ukingo wa mviringo, na mkono wa binadamu hauoti jua kwa mviringo.

"Hapa pamefanyika nini? Nani alikwambia uunguze?"

"Hakuna aliyeniambia," mdogo wangu alijibu. "Nilikuwa nikiota jua mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nimeshika mkoba wake. Nilinyamaza. Nesi akaandika. Nimefanya mambo mengi ya kijinga katika habari hii na mengi nimeyasamehe kwa kuwa sikujua, lakini pale nilikuwa najua kila kitu na nikanyamaza.

Dawa ni za mwaka mzima, zimepangwa kwenye karatasi ngumu, za kila siku mahali pake, na za mara moja kwa mwezi unameza mbele ya nesi. Walitueleza kwamba mkojo utakuwa mwekundu tusiogope. Walitueleza pia kwamba moja ya zile dawa inaitia ngozi weusi, hasa palipo na mabaka, na jua huzidisha, hivyo ajifunike. Sikulisikia hilo sawasawa mpaka nilipoliona. Mwezi wa tatu wa dawa uso wake ulianza kuwa na weusi mwekundu, kama wa chai iliyochemka sana. Ukaja kwa mapande mapande, shavuni, kwenye paji, mikononi, na lile baka likawa jeusi kuliko sehemu nyingine zote. Hivyo baada ya miaka yangu yote ya kuwafundisha watu, mtu wa rangi nyingi kuliko wote Kasulu alikuwa ndani ya nyumba ya mama yangu.

Mama alitaka aziache. "Zinammaliza," alisema. "Ona uso. Nani atamtazama?"

Mdogo wangu mwenyewe nilimkuta siku moja amekaa na kile kidonge kiganjani, cha mkono mzima, hakimezi. Aliniambia bwana harusi angekuja Jumamosi. Angalau Jumamosi ipite. Nilisikia maneno yangu yanatoka kinywani mwake, harusi ipite, Jumamosi ipite, na nikaanza kulia kwa hasira, nikamshika kidevu kama mtoto. "Meza," nilimwambia. "Kuwa mweusi, kuwa mwekundu, kuwa na madoa kama kanga. Meza." Akameza. Kuanzia hapo nilikuja kila asubuhi kabla ya kufungua saluni nikamwona akimeza. Nilitukana sana miezi ile, nilimtukana mama, nilimtukana na kuku wa jirani, lakini hatukuruka hata siku moja.

Bwana harusi alikuja Jumamosi ile. Mtu mwema, siwezi kumsema vibaya. Shangazi yake alikuwa amemweleza yote, na alikuwa amejipanga kuwa jasiri, ungemwona tangu anaegesha pikipiki. Alimwamkia mama, akaketi, akamnyooshea mdogo wangu mkono. Mdogo wangu akampa wa kushoto. Walizungumza habari za mvua na bei za maharage. Alikuja tena baada ya mwezi, akakaa muda mfupi zaidi. Mara ya tatu hakuja, akatuma wazee, nao walizungumza vizuri, kwa heshima, wakanywa chai yote, wakaondoka wakiwa wamemaliza kila kitu, uchumba nao. Mdogo wangu aliwaosha vikombe. Nilimwambia aniache nioshe mimi, akasema anaweza.

Dawa alimaliza. Nesi alimpongeza, akamwambia amepona, na ni kweli amepona. Weusi wa dawa unaondoka polepole. Vidole viwili vimebaki palepale, vimejikunja ndani ya kiganja, na upande ule wa mkono hausikii joto, baridi wala kisu. Alijaribu kusuka. Nilimkalisha mbele ya kichwa cha binti yangu, akagawa nywele vizuri, kwa mistari iliyonyooka, kisha vidole vikashindwa kushika mafungu matatu kwa pamoja. Nywele ziliteleza. Alijaribu mara nne na binti yangu alitulia, hata shingo hakujikuna. Halafu mdogo wangu akasema mgongo unamuuma, akatoka.

Sasa anakaa kwangu. Anauza mkaa na nyanya hapo nje, na saluni yangu imebaki ya nywele tu. Wanaokuja kuulizia mambo ya rangi nawaambia wajikinge jua, wavae kofia, basi. Mtu akiwa na baka namwambia aende hospitali leo, na wengine wananuna wanaenda saluni ya pili.

Kila Jumapili baada ya kanisa namkata kucha za mkono wa kulia. Zikirefuka zinaingia kwenye kiganja na kukichimba, na yeye hajui mpaka aone damu kwenye nguo. Jumapili iliyopita tulikaa uani, mkono wake juu ya goti langu, nikianza na kidole gumba. Alikuwa akitazama pembeni. Akasema kama anayezungumza habari za mtu wa mbali:

"Mimi nilikuwa najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba pale hapasikii. Kabla hujakata lile gauni. Nilikuwa nashona, sindano ikaingia mpaka nusu, nikaiona tu. Nikajichoma tena kusudi. Hapakuuma."

Nilishusha mkasi. "Kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira, na ningependa awe nayo. "Ulikuwa umeshawaambia wateja wote kwamba utanisawazisha," alisema. "Ulikuwa na furaha, dada. Na ningekwambia, ungenisikiliza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mdomo wangu hauna breki, ungeitamka. Nilikinyanyua kidole chake kidogo, nikakivuta taratibu kutoka kwenye kiganja mpaka ukucha ukaonekana, nikauweka mkasi. Na kwa mazoea tu, kama ninavyowaambia wateja wote, nikamwambia, "Nikikuumiza, sema."

Akaugeuza uso wake akanitazama.

"Angalia wewe," alisema. "Mimi sitajua."

Nikauinamia ule mkono mpaka karibu niuguse kwa pua, nikaanza kukata.